Samaki wa mwambani si mkorofi, tumemnyima pa kukimbilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo baadhi ya watu wataliona dogo, ingawa kwangu limekuwa la kila siku kwa miaka saba. Wiki chache zilizopita gazeti lako lilitoa makala fupi iliyowahimiza wakazi wa Dodoma, hasa wenye hoteli na ofisi mpya, kupamba kumbi zao kwa matangi ya vioo yenye maji ya bahari na samaki wa rangi. Picha ilikuwa nzuri na nia ya mwandishi sina shaka nayo. Hata hivyo makala ile ilisema kwamba tangi la lita 60 linatosha samaki sita wadogo wa mwambani, na kwamba mmoja wao akiwa mkorofi atolewe na kubadilishwa kwa mwingine. Maneno hayo mawili, "mkorofi" na "kubadilishwa", ndiyo yaliyonishikisha kalamu, kwa sababu mimi mwenyewe niliyaamini wakati mmoja na yakawaua samaki wangu wawili.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la baiolojia. Nilianza kazi Tanga kabla ya kuhamishiwa Dodoma, na siku za bamvua, maji yakipwa hadi mwamba ukaonekana, nilikuwa nikiwaongoza wanafunzi wangu kwenda kutazama viumbe waliobaki kwenye vidimbwi. Huko ndiko nilikomwona kwa mara ya kwanza samaki asiyezidi urefu wa kidole akichomoka kwenye tumbawe lake na kuupiga kwa mdomo mguu wa kijana aliyesimama karibu. Kijana yule alimzidi samaki kwa uzito mara elfu kadhaa, lakini aliyerudi nyuma alikuwa kijana. Tulipokwisha kusogea hatua tatu, samaki akarejea kwenye tumbawe lake akatulia kana kwamba hatukuwahi kufika.

Ile hatua ya tatu ndiyo kiini cha barua yangu.

Samaki huyo ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita Pomacentridae, yenye aina zaidi ya 300, wengi wao wakiwa wakazi wa miamba ya matumbawe katika bahari za joto, pwani yetu ikiwamo. Karibu wote ni wadogo na wengi wao ni walinzi wakali wa makazi yao. Wapo wanaolinda tundu la kulala. Wapo wanaolinda mayai: dume husafisha jiwe kwa mdomo, jike hutaga juu yake, kisha dume hubaki akiyapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na kumfukuza kila apitaye, mpaka yaanguliwe siku chache baadaye. Na wapo wanaolima, wala silitumii neno hilo kwa kupamba lugha. Samaki hao hutunza kipande cha mwamba ambacho mwani wanaoupenda huota, hung'oa mwani wasioutaka na kuutupa nje ya mpaka, na humkabili samaki yeyote ajaye kula, hata awe mkubwa kuwazidi mara kumi. Mkulima wa Chamwino anayeshinda juani akiwafukuza kwelea kwelea wasiumalize uwele wake atamwelewa samaki huyu upesi kuliko mtu mwingine yeyote, na sidhani kama tumewahi kumwita mkulima huyo mkorofi.

Ninayemfuga mimi ni Dascyllus trimaculatus, ambaye wauzaji humwita domino. Ni mweusi mwili mzima isipokuwa madoa matatu meupe, moja kwenye paji la uso na moja kila ubavu. Hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Pasifiki. Akiwa mchanga huishi kwa makundi ndani ya minyiri ya anemoni, mnyama laini anayejishikiza mwambani, au katikati ya miiba ya wale viumbe wa bahari wenye miiba mirefu tunaowakwepa tukioga, au kwenye tumbawe dogo la matawi, na katika umri huo huuzwa akiwa na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ni mzuri mno. Mnunuzi huwaona watano wakicheza pamoja kwenye tangi la duka akadhani ndivyo watakavyoishi daima. Asichoambiwa ni kwamba samaki huyo hukua hadi kufikia sentimita 14, madoa yake hufifia kadiri anavyokua, na ile tabia ya kukaa kikundi hugeuka kuwa ya kugombea nani atakaa juu ya nani.

Miaka saba iliyopita nilinunua watatu wa ukubwa huo. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba wakiwa watatu watapeana uchangamfu, nami nikawaweka kwenye tangi la lita 90 sebuleni. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, nikawa nawaita majirani waje kuwatazama. Kisha mmoja akawazidi wenzake kwa upana wa kidole, na kuanzia hapo kila asubuhi nikakuta pezi lililochanika. Wa pili nilimkuta amekufa nyuma ya pampu, mahali finyu ambapo nadhani alijibanza kutwa na kucha akikosa chakula. Wa tatu alihamia pembe ya juu ya kioo, karibu kabisa na uso wa maji, akawa haondoki pale. Kijana wa jirani yangu, aliyekuwa akija kuniamkia na kukaa kuwatazama, aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Huyu mkubwa ana roho mbaya, mtoe." Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimefundisha ikolojia zaidi ya miaka 30 na bado nilikubaliana naye. Kabla sijampata wa kumchukua yule mkubwa, wa tatu naye akafa.

Baada ya hapo nilikaa mbele ya tangi nikapima kwa rula. Urefu wa tangi lile ulikuwa sentimita 70. Eneo ambalo samaki yule angelilinda baharini ni pana kuliko hilo. Kule mwambani, mgeni akifukuzwa hukimbia hatua tatu, huvuka mpaka asiouona mtu, na ugomvi huishia hapo kwa sababu mlinzi hana haja ya kumwua mtu aliyekwisha kuondoka. Ndani ya kioo changu mpaka ulikuwa nje ya tangi. Mgeni alikimbia sentimita 70, akagonga kioo, akageuka, na mwenye eneo akamwona bado yumo ndani ya eneo lake, amekaidi, hataki kuondoka. Akamfukuza tena, na tena, mchana kutwa. Ukali ulikuwa ule ule niliouona Tanga, wala haukuongezeka hata kidogo. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kukimbilia, na mimi ndiye niliyeiondoa. Wagogo na wafugaji wengine wa mkoa huu wanajua kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na wakiona wanaumizana hawalaumu fahali, wanamwuliza mwenye zizi.

Kwa hiyo ushauri wa kumtoa "mkorofi" na kumweka mwingine hauna faida yoyote. Atakayebaki ataushika ukuu ule ule, na mgeni mpya atakuwa mvamizi katika eneo la watu. Tena ipo desturi mbaya zaidi inayoendana na ushauri huo. Kwa kuwa samaki wa jamii hii ni wagumu kufa, wauzaji huwashauri wateja wawatie wa kwanza kabisa kwenye tangi jipya ili "waliandae". Maandalizi hayo maana yake ni hii: samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na katika tangi lililokomaa bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Samaki anayewekwa siku ya kwanza huishi wiki zote hizo ndani ya sumu aliyoitoa mwenyewe, na katika maji ya bahari, ambayo si ya asidi, amonia huwa kali kuliko ilivyo katika maji baridi ya mto. Akinusurika, anakuwa mwenyeji wa tangi zima, na kila samaki atakayeletwa baadaye atamkuta ameshajimilikisha kila tundu. Wiki hizo zipite tangi likiwa tupu, likitiwa punje chache za chakula zioze ili bakteria wapate riziki, na maji yapimwe mpaka amonia na nitriti zifike sifuri. Hakuna hoteli itakayofilisika kwa kusubiri mwezi mmoja na nusu.

Niseme pia juu ya Dodoma yenyewe, kwa maana makala yenu iliandikwa kana kwamba tangi lililoko Dar es Salaam na lililoko Ilazo ni kitu kimoja. Sisi tuko takriban kilomita 450 kwa barabara kutoka Dar es Salaam na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hiki hewa ni nyepesi, hivyo oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na pwani. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na maji ya joto hubeba kidogo kuliko ya ubaridi, kwa hiyo samaki wetu anapunjwa mara tatu. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, tangi lililojaa samaki wengi halina saa nyingi za kungoja, na bakteria wa kwenye chujio, ambao nao wanapumua, huanza kufa. Mimi nimeweka pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Kama kipo kifaa kimoja ambacho ningemwambia mtu wa Dodoma anunue kabla hajanunua hata samaki mmoja, ni hicho.

Ukame nao una hesabu yake. Kuanzia Agosti hadi Novemba, upepo ukivuma na hewa ikiwa kavu, tangi langu hupoteza lita mbili hadi tatu kwa siku. Maji hupaa, chumvi hubaki. Mtu akijazia kwa maji ya chumvi, kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, chumvi huzidi siku hadi siku pasipo jicho kuiona. Kinachotakiwa ni kujazia maji yasiyo na chumvi kabisa, na hapo ndipo tunapokwama tena, kwa sababu maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi yake, tena si ya aina ya bahari. Mimi hununua maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, yale yanayouzwa kwa madumu ya lita 20, nayo ndiyo ninayochanganyia hata maji mapya ya kubadilisha kila wiki.

Kuhusu chumvi ya kuchanganyia nitakuwa mkali kidogo. Nimewasikia watu wawili, mmoja wao mhudumu wa hoteli, wakisema wanatumia chumvi ya jikoni. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kati ya hizo gramu 30 hivi ndizo za sodiamu na kloridi, yaani chumvi tuijuayo. Zinazobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi kwa kiasi kidogo, na mwili wa samaki wa baharini umeumbwa kuishi ndani ya mchanganyiko huo wote. Samaki huyu hunywa maji mchana na usiku na kuisukuma chumvi iliyozidi nje kupitia mashavu yake. Kubadilisha anachokunywa ni kubadilisha damu yake. Kwa sababu hiyo hiyo namsihi yeyote aliyechoka na samaki wake asimpeleke Bwawa la Hombolo akidhani anampa uhuru. Katika maji yasiyo na chumvi ya bahari, maji huingia mwilini mwake pasipo kizuizi na atakufa.

Watu hudhani Dodoma ni joto tu. Usiku wa Juni na Julai katika nyumba ya matofali yenye dari ndefu, maji ya tangi lisilo na hita hushuka chini sana ya nyuzi 24 ambazo samaki wa mwambani anazihitaji. Hita moja nzuri yenye kidhibiti inatosha, nami huiangalia kila jioni kabla ya kulala.

Sasa nirudi kwa yule mkubwa aliyebaki, kwa kuwa simjui samaki mwingine kama ninavyomjua yeye. Sikumtoa. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, ambalo ni lita 300, na fundi wa kuchomelea akanitengenezea meza ya chuma, maana maji hayo peke yake ni kilo 300 kabla ya mawe na kioo. Sikutaka matumbawe kutoka baharini. Matumbawe ni nyumba ya samaki hawa, na pwani yetu imeshayapoteza mengi kwa baruti, kwa kuchomwa chokaa na kwa joto la mwaka 1998 lililoyafanya yapauke na kufa. Nilipanga mawe ya itale yaliyookotwa kwenye vilima vyetu, nikayasugua na kuyachemsha, na katikati yake nikalaza vyungu viwili vya udongo ambavyo havikupakwa rangi, midomo ikitazama pande mbili tofauti. Domino alikagua vyote viwili kwa siku moja na nusu, akachagua cha kushoto, akaanza kuondoa mchanga mlangoni kwa kupiga mkia.

Ana urefu wa sentimita 12 sasa. Hula mara mbili kwa siku, vipande vidogo vya kamba na mwani mkavu, na hunijua kwa mwendo. Mgeni akikaribia kioo hutoka kifua mbele. Mimi nikikaribia huja polepole juu. Usiku nyumba ikitulia husikika akitoa mlio mfupi unaofuatana, kama ukucha unaogonga meza, mlio ambao samaki wa aina yake huutumia kuwaonya wenzake na madume huutumia kuwaita majike. Anaishi peke yake, isipokuwa kwa konokono wachache wanaokula mwani kwenye vioo, ambao hakuwahi kuwajali. Nimeulizwa mara nyingi kama si mpweke. Ninavyomwona, ana nyumba, ana mpaka, na hakuna anayeuvunja.

Kwa wale wanaotaka zaidi ya samaki mmoja, ipo njia, ingawa si ya tangi la lita 60. Tangi liwe refu kuliko lilivyo na kina, kwa kuwa anayefukuzwa hukimbia ubavuni, hakimbilii juu. Matundu yawe mengi kuliko samaki, nayo yasionane, ili aliyejificha asitazamwe na aliyemfukuza. Samaki wapole waingie kwanza na wakae wiki kadhaa. Mlinzi mkali awe wa mwisho, tena akiwa mdogo kuliko wenyeji. Ikilazimu kumleta mgeni baada yake, mawe yote yapangwe upya siku hiyo hiyo, ili mwenyeji naye ajikute hana mpaka aliouzoea na wote waanze upya. Na wasiwe wawili wa aina moja, ila kama ni jozi iliyokwisha kukubaliana.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa wauzaji: pamoja na samaki, mteja apewe karatasi yenye jina la aina hiyo, ukubwa atakaoufikia, na mahali alikovuliwa. Hilo la mwisho lina uzito wa kisheria, kwa sababu visiwa kama Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu mwaka 1975, Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu mwaka 1995, na mnunuzi wa Dodoma ana haki ya kujua kwamba pambo la sebule yake halikuibwa huko. Sasa treni ya SGR imeifupisha safari ya kutoka pwani tangu mwaka 2024, na naamini biashara hii itakua. Heri utaratibu utangulie.

Ombi la pili ni kwako, Ndugu Mhariri. Nakuomba uchapishe sahihisho la zile lita 60 na wale samaki sita, na ulichapishe katika ukurasa ule ule wa mapambo, kwa maana wenye hoteli wanaopanga kuagiza vioo huenda wasifike huku kwenye barua. Ikiwa wanataka kitu cha kuwafanya wageni wasimame, waweke lita 300, vyungu viwili na domino mmoja, kisha wabandike kibao kidogo kinachoeleza kwa nini anakuja mbele kila mtu anapopita.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Ilazo, Dodoma.